Kilebu wako halali usiku? Usimfungie jikoni

Saa nane za usiku. Umelala fofofo baada ya kutwa nzima ya kuhangaika mjini, mara jikoni kunazuka sauti nyembamba, kali, kama ya mtoto mchanga aliyeshikwa na tumbo. Inanyamaza kidogo. Unavuta blanketi. Inaanza tena, sasa kwa nguvu zaidi, na unamsikia jirani akigonga ukuta mara tatu. Ikiwa umewahi kuleta nyumbani kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huhitaji kuelezwa zaidi. Na ikiwa bado, lakini kila shule zinapofungwa watoto wako hukusumbua wakitaka mbwa, soma ukurasa huu kabla hujafungua kibeti.

Mimi nilifungua kibeti kwanza. Tunaishi Buruburu, katika zile nyumba za ghorofa moja zilizojengwa kwa mstari, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Ijumaa moja jioni mwezi wa Agosti tulinunua kilebu kutoka kwa kijana aliyesimama kando ya barabara akiwa na wawili, mmoja kila mkono. Alituapia kwamba ametimiza miezi miwili. Binti yangu wa miaka kumi alimpa jina la Simba papo hapo, ingawa Simba mwenyewe alitoshea ndani ya kiondo na nafasi ya sukumawiki ikabaki. Yeye na kaka yake wa miaka saba waliapa kwamba watamlisha, watamwogesha na kuamka usiku kumwangalia. Mzazi yeyote anajua kiapo cha aina hiyo hudumu hadi saa ngapi.

Usiku huo tulimtandikia gunia jikoni, tukamwekea maziwa kwenye kisahani, tukazima taa na kufunga mlango. Alilia kuanzia saa nne hadi saa kumi alfajiri. Usiku wa pili mume wangu, ambaye alilelewa mashambani ambako mbwa hakanyagi ndani ya nyumba, alimpeleka uani akamfunga kwa kamba kwenye mti wa kuanikia nguo. Safari hii mbwa wote wa mtaa wakamwitikia. Jumatatu asubuhi mwenye nyumba akanipigia simu. Alinipa siku saba: mbwa anyamaze au aondoke, na tusipotaka aondoke, tuondoke naye.

Hata hivyo, lililoniuma zaidi si simu hiyo. Mkabala na kwetu anaishi shosho mmoja, na wakati huo mumewe alikuwa amelazwa hospitalini. Asubuhi hiyo hiyo alinisimamisha langoni. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "huyo mbwa wako analia vibaya. Kwetu mbwa akilia hivyo usiku, kuna matanga anayoyaona." Utamjibu nini mzee aliye na mgonjwa wodini? Kwamba huo ni ushirikina? Nilimwambia, "Shosho, ni mtoto tu. Analilia mamake." Alinitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Basi mtafutieni mama."

Nilikwenda na maneno hayo hadi kazini. Yalinikumbusha nyumbani Limuru mwaka wa 2001, nikiwa na umri wa binti yangu. Baba alileta kilebu mweusi mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu wa huko hauondoki hadi mchana, akamfungia kwenye banda la kuni. Alituambia mbwa hafi kwa baridi na kwamba atalia siku mbili azoee. Usiku wa tatu hakulia. Asubuhi tulimkuta amekauka nyuma ya magogo, na mpaka leo sijasahau jinsi sote tulivyofurahi usiku ule kwamba hatimaye amenyamaza.

Si ukaidi

Hebu jiweke mahali pake. Hadi juzi kilebu huyu alikuwa akilala katikati ya lundo la ndugu zake, tumbo la mama likiwa upande mmoja. Akishtuka usiku, pua yake inagusa ngozi ya mwenzake, naye anarudi kulala. Ghafla yuko kwenye sakafu ya saruji, gizani, katika nyumba yenye harufu asizozijua, na hakuna anayepumua karibu naye. Kwa mtoto wa mnyama, kuachwa peke yake ni hatari ya kufa. Analia ili apatikane. Ukimfungia mlango, analia zaidi kwa sababu hajapatikana, na akinyamaza mwishowe mara nyingi ni uchovu tu. Kesho atarudia.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John Fuller walifuga na kuchunguza vilebu kwa miaka mingi, na kitabu walichokitoa mwaka wa 1965 kingali kinatajwa na wanaosomea tabia za mbwa. Walionyesha kwamba kuanzia majuma matatu hivi hadi kumi na mawili, kilebu yumo katika kipindi cha kujenga uhusiano na wale atakaoishi nao, mbwa kwa watu. Sasa tazama: hicho ndicho kipindi tunachomleta nyumbani na kumfungia jikoni peke yake.

Jumatatu hiyo nilimbeba Simba hadi kwa daktari wa mifugo. Kabla hajashika kipimajoto, daktari alimfungua kinywa. Kilebu huwa na meno 28 ya utotoni, nayo kwa kawaida hutimia akikaribia majuma manane. Ya Simba yalikuwa bado. Daktari alikadiria majuma sita, si miezi miwili ya kijana wa barabarani. Kumbe tulikuwa tumemnunua mtoto ambaye hakupaswa hata kuwa amemwacha mamake! Usimchukue kilebu kabla hajatimiza majuma manane, na ikiwezekana mchukue mahali ambapo utamwona mama mwenyewe na ndugu zake. Anayeuza kando ya barabara hana mama wa kukuonyesha.

Katoni kando ya kitanda

Alichoshauri daktari kilimfanya mume wangu acheke kwa sauti: kilebu alale chumbani mwetu. Si kitandani, la hasha, bali kwenye katoni kando ya kitanda, mahali ambapo mkono wa mtu unaweza kuteremka ukamgusa.

Tulitumia katoni la televisheni, tukalipunguza. Ukubwa wake una maana. Kilebu aweze kusimama, kugeuka na kujinyosha, basi. Mbwa kwa asili yake hapendi kuchafua anapolala, lakini ukimpa nafasi kubwa atageuza pembe moja kuwa chumba na nyingine kuwa choo. Chini weka magazeti (hata hili letu, ukishamaliza kulisoma), juu yake blanketi kuukuu. Mwekee pia fulana uliyoivaa kutwa bila kuifua, ili azoee harufu yako. Wakati wa baridi jaza chupa maji moto, ifunge vizuri kwa taulo ili isimchome, na iweke upande mmoja tu ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Wengine huweka saa inayopiga tiki-tiki wakisema inafanana na moyo wa mama. Mimi niliijaribu na aliyekosa usingizi nikawa mimi.

Jambo la pili ni kibofu. Watu wengi hudhani kilebu anayekojoa ndani ana tabia mbaya, hali hawezi kujizuia kwa muda mrefu hata angetaka. Kuna hesabu rahisi: chukua miezi ya umri wake, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu hivi. Wa mitatu, saa nne. Ni makadirio, si sheria, na akiwa usingizini huweza kuvumilia zaidi kidogo. Lakini hesabu hiyo inakuonyesha kwamba kumtaka kilebu wa miezi miwili alale toka saa nne hadi saa kumi na mbili ni kumtaka asichokiweza.

Kwa hivyo, badala ya kumngoja alie, mtangulie. Nilitega kengele ya simu saa saba na saa kumi. Nilimbeba mikononi, kwa sababu akitembea mwenyewe atachuchumaa ngazini, nikamteremsha hadi uani, mahali pale pale kila siku. Nikasimama kimya kama mlingoti. Akimaliza, namwambia "vyema" kwa sauti ya chini, namrudisha katonini. Hakuna kuwasha taa zote, hakuna kucheza wala kubembelezana, hakuna chakula. Kilebu anajifunza upesi sana: ukimfanyia sherehe saa kumi alfajiri, kesho atakuwa mlangoni saa tisa na nusu akiingoja.

Huenda ukauliza: nikimjibu kila anapolia, si nitamfundisha kulia? Hapa inabidi utege sikio. Akinung'unika mara tu umemweka katonini, mpe dakika moja au mbili huku mkono wako ukining'inia karibu naye. Kwa kawaida atazunguka, atajikunja na kulala. Lakini aliyekuwa amelala kisha akaamka na kulia, anajikuna-kuna na kunusanusa, huyo anataka kwenda haja. Mtoe. Usimpige, na usimsugue pua kwenye mkojo wake kama walivyofanya wazee wetu. Atakachojifunza ni kukuogopa na kwenda kukojoa nyuma ya kochi, ambako humwoni.

Kwenu mnaoishi kwenye fleti ya ghorofa ya nne ambako hakuna ua, karai pana lenye udongo au nyasi kwenye roshani litafaa kwa muda. Isitoshe, kilebu ambaye hajamaliza chanjo hatakiwi kuwekwa chini pale mbwa wa mtaa wanapopitapita, kwani ugonjwa wa parvo hubaki udongoni kwa miezi mingi.

Baada ya juma moja tuliacha safari ya saa saba na saa kumi, tukabaki na moja tu ya saa nane. Kisha tukaanza kulihamisha katoni. Kutoka kando ya kitanda hadi mlangoni mwa chumba, usiku tatu. Kutoka mlangoni hadi nje kidogo, karibu na ngazi. Kisha chini ya ngazi. Mwisho, jikoni kule kule ambako kilio kilianzia. Mahali fulani hapo katikati alilia tena. Tukarudi hatua moja nyuma, tukakaa usiku mbili, tukaendelea. Usione haya kurudi nyuma. Vilebu wengi wakifikia miezi minne huweza kulala kutoka saa nne hadi saa kumi na moja bila kumwamsha mtu.

"Samaki mkunje angali mbichi," mume wangu aliniambia siku za kwanza. Hofu yake ilikuwa kwamba mbwa aliyelala chumbani na watu atakuwa goigoi, asiyeweza kumfokea hata mwizi wa nguo. Wengi wetu tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, kwa hivyo si hofu ya kupuuza. Lakini ulinzi wa mbwa hutokana na kuijua familia yake na boma lake, nao huanza kujitokeza anapokomaa. Mbwa aliyelelewa kwa kufungiwa na kulia hubweka, ndiyo, lakini humbwekea kila mtu, hata mtoto wako anaporudi kutoka shule. Ukitaka alale nje, atalala nje: ngoja chanjo zimalizike, mjengee kibanda kilichoinuliwa kutoka chini, kisichovuja, mlango wake usielekee upepo, na mzoeshe kwanza kulala humo mchana.

Mchana huzaa usiku

Kilebu hulala saa nyingi sana, kumi na nane au zaidi kwa siku. Swali ni saa zipi. Katika nyumba nyingi za Nairobi watu huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia. Kilebu amelala kutwa, hana wa kucheza naye, na mnapotaka kulala ndipo yeye anapoanza siku.

Anayeweza kulirekebisha hili ni msaidizi wenu wa nyumbani, ikiwa mnaye. Ajabu ni kwamba yeye ndiye hulea mbwa wa familia, na ndiye wa mwisho kuulizwa kama anamtaka. Kaa naye chini mpange. Kwetu yeye ndiye aliyegundua kwamba Simba huenda haja dakika chache baada ya kula na mara anapoamka, nasi tukaacha kubahatisha.

Kilebu wa umri huu hula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Cha mwisho kiwe saa moja jioni, si saa nne mnapomaliza kula nyinyi. Ugali laini na omena iliyochemshwa na kusagwa vinafaa, bila vitunguu, bila chumvi nyingi, na bila mifupa ya kuku. Maziwa ya ng'ombe tuliyompa usiku wa kwanza yalikuwa kosa: vilebu wengi huyaharisha, na anayeharisha hawezi kulala. Maji yawepo mchana kutwa, uyaondoe saa tatu hivi usiku. Lakini kama unaishi Mombasa au Kisumu na joto ni kali, mwachie kidogo. Watoto wacheze naye saa kumi na mbili jioni mpaka achoke, kisha nyumba ipoe. Pia mzoeshe upweke mchana: mweke katonini, toka chumbani dakika moja, rudi. Kesho dakika tano. Mbwa asiyewahi kuwa peke yake mchana hawezi kujifunza hilo usiku.

Na watoto wasilale naye kitandani. Najua wataomba, wangu walilia kuliko mbwa. Vilebu wengi huzaliwa na minyoo, ambayo mayai yake yakimwingia mtoto yaweza kumdhuru, na mtoto akigeuka usingizini anaweza kumlalia. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya majuma mawili hadi atimize majuma kumi na mawili. Chanjo za kwanza huanza kati ya majuma sita na manane, na ile ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Kabla ya hapo, akimuuma au kumparuza mtu hata kwa mchezo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mwende hospitalini. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kuna vilio ambavyo katoni halitaviponya. Kilebu anayetapika, anayeharisha damu, aliyekataa chakula, aliyelegea au ambaye tumbo limevimba kama ngoma, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani parvo humaliza kilebu kwa siku chache. Viroboto pia. Tulipomtazama Simba chini ya mwanga wa dirisha tuliwakuta wametapakaa tumboni. Usiku ule wa kwanza maskini alikuwa na baridi, njaa ya mamake, tumbo la maziwa na viroboto, na sisi tukagonga mlango tukimwambia anyamaze!

Siku saba za mwenye nyumba ziliisha Jumatatu iliyofuata. Hakupiga simu. Muuguzi wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hutoka zamu alfajiri, aliniuliza kama tulimgawa mbwa. Nilimwonyesha Simba akiwa amelala chali kwenye katoni, miguu hewani.

Mzee wa shosho aliruhusiwa kwenda nyumbani majuma mawili baadaye, akitembelea mkongojo. Jioni moja tulikutana langoni, mimi nikitoka dukani na binti yangu akiwa na Simba kwenye kamba. Shosho aliinama akamtazama vizuri, kama mtu anayemkagua mjukuu.

"Huyu ndiye aliyekuwa analilia mamake?" akauliza. "Walimpata?"

"Walimpata, shosho," binti yangu akajibu kabla sijafungua mdomo, huku akininyoshea kidole. "Ni huyu."